Nani Aikate Simu ya Shaweji

Hapo zamani, na msinicheke nikiiita zamani, maana ni Alhamisi tu iliyopita lakini mimi naiona mbali kama ya mababu, palikuwa na nyumba moja Tabora, mtaa wa nyuma ya stesheni, na ndani ya nyumba hiyo palikuwa na simu ya mezani. Nyumba ya watu wazima wanne na mtoto. Kuna Bi Sikudhani, mama mkwe wangu, mwenye nyumba. Kuna binti yake Mwajabu, wifi yangu, aliyeachika akarudi kwao. Kuna mwanawe Hamdani, mume wangu. Kuna mimi, Mama Tunu, na huyo Tunu mwenyewe ambaye hata kutambaa hajaanza. Halafu kuna asiyekuwepo. Asiyekuwepo ni Shaweji, mtoto wa kwanza wa Bi Sikudhani, na simu ni ya kwake.

Shaweji alipanda treni kwenda Kigoma kufuata mawese, wakati huo Hamdani bado anavaa kaptura ya shule. Akafika salama, akapiga simu nyumbani, akasema amepata tajiri wa kumvusha ng'ambo ya ziwa. Mama yake akamkataza. Yeye akacheka, akasema, "Nitapiga tena, mama. Usibadili namba." Hakupiga tena.

Basi Bi Sikudhani hakubadili namba. Mji mzima ukahamia simu za mkononi, watu wakabadili laini kama wanavyobadili kanga, yeye simu yake ikabaki palepale kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma, inapanguswa kila asubuhi kabla hata chai haijachemka. Wifi Mwajabu alikuwa akimtania kwamba simu ya mama inavaa vizuri kuliko yeye aliyekuwa mke wa mtu. Mama naye anamjibu bila kugeuka, "Simu hii haijawahi kurudishwa kwao." Tunacheka mpaka tunashika mbavu, na Mwajabu ndiye anayecheka zaidi.

Lakini utani ni utani, jambo lenyewe lilikuwa hili: Shaweji hana namba nyingine kichwani. Ile ndiyo waliyofundishwa na mama yao wakiwa wadogo, waliiimba kabla hawajajua kutumwa dukani, ili wakipotea waweze kumwambia mtu. Namba za mkononi alizoondoka nazo zimekufa zote. Akiwa hai popote, anaijua ile. Ile ikifa, hana pa kupigia.

Na kulikuwa na sharti. Mimi nililikuta. Katika nyumba ile hapaitikwi wito wa kwanza. Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, unanyamaza. Ukiitwa tena, unanyamaza. Ukiitwa mara ya tatu ndiyo unaitika, kwa sababu mtu wa kweli akikuhitaji hachoki kuita, lakini kile kingine, Bi Sikudhani hakitaji jina, kinaita mara mbili tu. Sharti hilo akalivisha na simu. Ikilia, inaachwa mpaka inyamaze. Ikilia tena, inaachwa. Ya tatu ndiyo anainuka, anajitanda vizuri, anapokea. Ndugu wote walijua, waliopiga kutoka Nzega, waliopiga kutoka Dar, walipiga tatu tatu. Nilipoletwa pale nikiwa bibi harusi nilicheka moyoni. Sasa sicheki.

Hamdani ana steshenari chumba cha mbele, anaprinti, anawajazia wanafunzi maombi ya vyuo kwenye kompyuta. Intaneti yake ilikuwa inapita kwenye waya uleule wa simu ya mama, nayo ilikuwa inajikongoja, mwanafunzi anakaa akingoja ukurasa ufunguke mpaka anasinzia, akiamka anakwenda kwa jirani. Ikaja kampuni nyingine na waya wa faiba. Hamdani akataka kuhama. Mama akakataa. Hamdani akataka tena, mama akakataa tena. Mwisho akaja akakaa chini miguuni pake, akamwambia mama, simu haiondoki, namba inahama pamoja na sisi, na kama si kweli nitaacha.

Akamleta fundi wa kampuni mpya, mzee mmoja wa miwani, akaeleza mbele yetu sote. Namba inahama, itaingia kwenye kiboksi kipya, simu ileile, mlio uleule. Ila tusiifunge laini ya zamani. Ikiwa hai, wao wataichukua namba. Ikifungwa kabla, namba inakufa na hakuna wa kuifufua. Akasema, "Wale wa zamani msiwaambie chochote. Sisi ndio tutakaowaambia." Bi Sikudhani akamfanya arudie, naye akarudia. Tukasikia wote.

Msiwaambie chochote. Sasa jamani, hapo ndipo. Mwajabu hakuweza. Mnajua malezi ya nyumba zetu, umekaa na mtu umri wote huo, unaondokaje bila kuaga? Hata mpangaji aliyegombana na kila mtu siku ya kuhama anapita mlango kwa mlango. Wifi alilala na jambo hilo, akaamka nalo, na Jumatano asubuhi akavaa vizuri, akabeba chupa ya asali, akaenda ofisi ya kampuni ya zamani kuaga kwa niaba ya nyumba nzima. Akawaambia asanteni kwa wema wenu, tunahamia kwa wenzenu, kama tuliwakosea mtusamehe. Hakuomba wafunge kitu, aliaga tu. Dada wa kaunta akafurahi, akapokea asali, akamuuliza namba, akabonyeza bonyeza, akamwambia haya dada, tumeshawafungia, karibuni tena. Mwajabu akarudi nyumbani uso umemng'aa kama mtu aliyetoka kutimiza nadhiri.

Namba ilikufa saa ileile.

Fundi alikuja Alhamisi. Akajaribu, akapiga simu kwao, akajaribu tena, akavua miwani. Hakuna cha kuhamisha, akasema. Ikabidi aendelee na kazi iliyobaki, akafunga kiboksi chake, steshenari ikapata intaneti inayoruka, akachomoa waya wa zamani ukutani, akauviringisha vizuri, akauweka mezani kando ya simu, akatupa pole kama ya msibani, akaondoka.

Bi Sikudhani hakupiga kelele, na mimi ningeona nafuu angepiga. Alikaa mkekani, akamtazama binti yake, akasema polepole, "Umemuaga kaka yako, Mwajabu."

Alasiri ileile simu ikalia.

Nilikuwa namnyonyesha Tunu. Aliacha ziwa ghafla, akageuza kichwa kuelekea kona, mimi nikadhani ameona mjusi, na ndipo ilipolia. Naapa aligeuka kwanza, ndipo ikalia. Mlio uleule, ule unaotikisa meza kidogo. Hamdani akatoka dukani akiuliza ni simu ya nani, akaona ni ile, akaushika ule waya uliochomolewa, akauinua juu, ncha yake ikabaki inaning'inia mbele ya macho yetu. Simu ikanyamaza. Tukatazamana. Ikalia tena, Hamdani bado ameshika waya. Bi Sikudhani akainua kidole, tusubiri. Ikanyamaza. Tukasubiri ya tatu. Jua lilikuwa dirishani, nje watoto wanacheza rede, sisi tumekaa kama tuliopigwa picha. Ya tatu haikuja.

Hamdani akasema ni umeme uliobaki ndani yake, itaisha yenyewe. Mwajabu akasema ni kaka. Bi Sikudhani aliipakata simu kama mtoto mpaka kukapambazuka, na mara moja moja anauliza, bila kumuuliza mtu yeyote kati yetu, kama ni Shaweji ambaye nguvu zake zimeishia mara mbili, au ni kile ambacho mara mbili ndiyo mwisho wake.

Ijumaa, wanaume wametoka msikitini, tumekula, alasiri ikafika. Tunu akageuza kichwa. Nikasema, "Inakuja." Ikaja. Ikalia ya kwanza, hakuna aliyeinuka. Ikanyamaza. Ikalia ya pili, na kabla haijamaliza pumzi, wifi yangu Mwajabu akaurukia mkonga wa simu, akauweka sikioni, akasema:

"Abee, kaka."

Mama yake akafunika uso.

Mwajabu alisikiliza. Machozi yakaanza kumtoka bila kulia, yanatiririka tu. Akatuambia ni Shaweji. Anasema huko aliko ni giza kama ndani ya gunia, anakanyaga mataruma ya reli kwa miguu, hajui anakoelekea, lakini anasikia sauti ya Mwajabu na anaifuata. Anasema Mwajabu asinyamaze. Akinyamaza, kaka anapotea. Halafu akageukia mkonga, akasema, "Nipo, kaka, nipo," na tangu hapo hajauweka chini.

Bi Sikudhani akaomba asikilize yeye. Mwajabu akamwekea sikioni bila kuuachia. Mama akasema Shaweji, mimi mama yako, Shaweji baba, sema. Akasikiliza mpaka shingo ikamuuma. Hakusikia kitu. Alituambia ni kama umeweka kikombe sikioni. Na Mwajabu alipourudisha kwake akasema kaka analalamika, "Anauliza mbona nilinyamaza." Yeye mama hakusikika kabisa. Alisubiri wito wa tatu miaka yote, na aliyeitika wa pili ndiye anayesikiwa. Sijawahi kumwona mtu mzima akizeeka pale pale ulipomkazia macho, siku hiyo nilimwona. Hamdani alikataa hata kuugusa mkonga.

"Nipo, kaka, nipo." Ijumaa alasiri alisema kaka yuko Uvinza. Kabla ya magharibi akasema amepita Kaliua. Hamdani akahesabu stesheni kwa vidole, akamwambia dada, hakuna mguu wa mtu unaotoka Uvinza alasiri ukawa Kaliua magharibi. Mwajabu akamwomba asiseme kwa sauti, kaka atasikia.

"Nipo, kaka, nipo." Jumamosi ilipofika kaka alikuwa Urambo. Nilimpa wifi uji kwa kijiko, uji ukamtoka pembeni ya mdomo, maana akimeza anakuwa amenyamaza. Mkono ulioshika mkonga ulikuwa wa baridi na wa bluu kwenye kucha. Lakini si hilo. Ni sauti. Amekaa mbele yangu, goti lake linagusa langu, na sauti yake inatoka mbali, ina mchakacho, kama vile ndiye anayepiga kutoka mahali, na sisi ndio tunaopokea. Kila saa inakwenda mbali zaidi. Mwenyewe anasema sauti ya kaka inazidi kuwa kubwa, anasema kaka yuko karibu.

Halafu Tunu. Nilikuwa nimemlaza mkekani, akaanza kile kilugha chake cha a-guu, a-guu, anaielekea simu, mikono juu, anacheka kama anachezewa na mtu. Mwajabu akanyamaza kidogo, akanitazama kwa macho ambayo sikuyapenda.

"Wifi," akasema, "anauliza huyo mdogo ni nani. Anasema sauti yake anaisikia vizuri kuliko yangu."

Nikamnyakua mwanangu, nikatoka naye sijavaa hata kandambili. Nikaenda kwa jirani, mama wa pale akanipa maji, sikuweza kuyanywa. Tunu alikuwa begani kwangu, analala. Ghafla akainua kichwa, akageukia upande wa nyumba yetu, akasema a-guu, akatulia akisikiliza. Kuna kuta mbili na uchochoro katikati. Basi nikajua hata nikimpeleka kwa mama yangu Nzega, atageuza kichwa Nzega.

Leo Jumapili. Wifi anasema kaka yuko Usoke. Baada ya Usoke ni hapa.

Hamdani aliingia na mkasi wa dukani. Ukutani hakuna cha kukata, kulishachomolewa kote, umebaki ule waya wa kusokotwa unaounganisha mkonga na simu. Akaushika. Mama yake akamshika mkono, na mkono wa mama ulikuwa na nguvu ambazo sikudhani bado anazo. Ndipo kila mmoja akasema lake, nami nawaambieni kama walivyosema.

Bi Sikudhani akasema, "Mwana ni wangu. Namba ilikuwa yangu, nimeilinda mlipoiona takataka. Kama ni Shaweji, nimemngoja kuliko ninyi wote. Kama siye, ni mimi niliyejua na sikuitika. Kwa hiyo haki ya kukata ni yangu peke yangu. Na mimi sikati."

Hamdani akasema, "Mama, mimi ndiye niliyewaleta wale wa faiba, nilikuahidi, ahadi ikavunjika, kosa linaanzia kwangu. Lakini unamngoja mtoto usiyemwona, na huyu unayemwona anaisha mbele ya macho yako. Kaka kama ni mtu mzima, mzima wa afya, atauliza njia kama watu wanavyouliza. Dada akinyamaza milele hawezi kuuliza kitu. Nakata mimi."

Mwajabu akasema, na ilibidi tuiname wote ndiyo tumsikie, "Niliyeifunga namba ni mimi, kwa asali yangu. Niliyesema abee ni mimi. Hakuna anayemsikia ila mimi. Imebaki hatua ndogo. Niacheni nimfikishe, nikimfikisha nitauweka chini kwa mkono wangu."

Hamdani akamuuliza, "Na akifika, dada, ni nani atakayefika?"

Mwajabu akageukia mkonga. "Nipo, kaka, nipo."

Na mimi nikasema langu, mimi ambaye si damu yao, mtoto wa watu niliyeletwa pale na sanduku langu. Nikasema mimi Shaweji simjui, hata picha yake nimeonyeshwa mara moja tu. Simlilii kama mnavyomlilia. Lakini Mwajabu akimalizika, katika nyumba hii kuna sauti moja tu nyingine anayoisikia huyo wa kwenye simu, na sauti hiyo niliizaa mimi. Kwa hiyo nipeni mkasi. Mama mkwe wangu akanitazama, hakukasirika, akaniuliza neno moja tu. Akaniuliza kama ni Tunu aliyepotea gizani, na anatembea akifuata sauti ya ndugu yake, na mwanamke wa kuolewa akaja kuomba mkasi, ningempa?

Nikaurudisha mkono wangu. Maana huenda ni yeye kweli, jamani. Huenda ni mtu tu aliyechoka, anayekanyaga reli gizani kwa sababu hana namba nyingine kichwani, na yuko karibu kiasi hiki, na mimi ndiye nitakayemzimia njia. Na huenda siye, na kila neno la Mwajabu ni hatua tunayompa.

Mkasi uko mezani alipouweka Hamdani, hakuna aliyeuchukua na hakuna aliyeuondoa. Midomo ya wifi inacheza lakini sauti haisikiki tena chumbani, tunaona tu anasema nipo. Mama amemshika bega. Hamdani amesimama mlangoni. Tunu nimemfunga mgongoni, na mgongoni hapo nasikia kichwa chake kinageuka.

Basi semeni ninyi, na msichukue muda. Kuna mwenye mwana, naye hakati. Kuna mwenye dada, naye anataka kukata. Kuna aliyeitika, anaomba amalize. Na kuna mwenye mtoto. Je, ni nani kati yetu anayestahili kuikata simu hii, na kama hakuna, Mwajabu akinyamaza ni nani anayestahili kuitika baada yake?